Mkate Wangu na Koo la Belise

Amahoro kwenu nyote mnaosoma, na zaidi kwenu wenye mtoto ambaye chakula kinamkataa. Mimi sikusoma sana. Niliishia darasa la nne kambini kwa wakimbizi, upande wa Kigoma, na mwalimu wangu angeniona leo na kalamu angeshika kichwa. Lakini nimeona niandike mwenyewe, nisimwachie mtu mwingine, kwa sababu jambo hili lilipita katika mikono yangu mimi.

Kwanza mjue nilikuwa nani. Ukifika Rumonge, Burundi, kando ya ziwa, uliza sokoni: Bulanje anakaa wapi? Mtu yeyote atakuonyesha. Bulanje ni mimi, mchoma mikate. Jina langu la ubatizo watu wamelisahau. Niliporudi kutoka Tanzania nilikuwa na mashuka mawili, beseni moja, na ufundi nilioiba kwa macho kwa mzee mmoja wa Kigoma aliyenipa kazi ya kupasua kuni zake. Hakunifundisha hata siku moja. Nilitazama. Tanuri langu la kwanza nililijenga kwa udongo wa kichuguu na matofali yaliyovunjika, na watu walipita wakicheka, "Huyu murefujie wa kambini anajijengea kaburi?" Hao hao leo wananunua kwangu. Mikate yangu inapanda baiskeli na pikipiki, inakwenda Minago, inakwenda Magara, inafika Gitaza kwa wanaoanika ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mji huu wote unajisifu kwa mawese. Mimi nilijenga nyumba ya bati na sementi kwa ngano, kitu ambacho hapa pwani hata hakilimwi. Nasema hivi si kwa kuwadharau wenye mawese, lakini ukweli ni ukweli.

Mkate uliojenga nyumba hiyo ni mkate wa maziwa. Wengine wanakanda na maji, mimi nakanda na maziwa. Ukiubonyeza unarudi. Na juu unang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Siri ya kung'aa huko nilikuwa simwambii mtu.

Basi mtu wa namna hiyo akapewa binti wa mwisho, Belise. Mama yake ni Godeliva, mke wangu. Miezi sita ya kwanza Belise alinyonya tu, akanenepa, hakuumwa hata mafua. Nilizoea kumbeba begani dukani na kuwaambia wateja, "Mnaona? Hata watoto wangu wanaumuka vizuri."

Alipofikisha miezi sita, mama yangu mzazi alishuka kutoka mlimani na maziwa. Kwetu Burundi maziwa si kinywaji tu. Mtu anakusalimia akikutakia makundi ya ng'ombe, na maziwa ukipewa kwa mikono miwili hukatai, hata kama umeshiba mpaka shingoni. Mama alichukua kijiko, akamwonjesha mjukuu wake, akimtaja kwa majina ya baraka. Vijiko vitatu. Hakikupita kitambo, nikaona mdomo wa mtoto umezungukwa na vipele vyekundu kama mtu aliyeguswa na upupu. Akatapika. Akaanza kulia kilio kikavu, tumbo limekuwa gumu kama ngoma.

"Tumbo lake iko changa bado," mama akasema. "Kesho itazoea."

Kesho yake tukampa tena. Macho yakavimba mpaka yakaziba. Wiki iliyofuata tukampa ya mgando, tukidhani yatakuwa mepesi. Alihara siku mbili, na ndani ya kinyesi mlikuwa na nyuzi za damu. Godeliva aliniita nije nione. Niliona, nikasema ni meno.

Halafu yakaanza maneno. Mtoto wa Kirundi anakataaje maziwa? Jirani mmoja aliniambia waziwazi, "Bulanje, wewe umepanda sana. Kuna mutu amekufunga kwa mutoto." Niliamini haraka, na nitawaambia kwa nini: mtu aliyefanikiwa anapenda kusikia kwamba anaonewa wivu. Nikampeleka kwa mtaalamu wa majani, mbali na hapa. Yule mzee alitwanga dawa yake, akaikoroga ndani ya maziwa ya mbuzi, akamnywesha mtoto mimi nikiwa nimemshika mikono asirushe. Mimi ndiye niliyemshika. Alikunywa nusu kikombe. Ngozi yote ikapanda mabonge mabonge, midomo ikageuka nje, na kifua kikaanza kupiga filimbi.

Hospitali walimchoma sindano ya paja na kumwekea hewa. Akarudi. Muuguzi alituuliza alikula nini, na Godeliva akamweleza yote, tangu kile kijiko cha kwanza. Muuguzi akasema, "Mama, hii si kurogwa. Mumupeleke Bujumbura kwa dokta ya watoto, mbio."

Dokta huyo alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, na sandali za plastiki. Nilipomwona nikajiuliza kama amemaliza masomo. Alimdondoshea Belise tone la maziwa kwenye mkono, akachoma kidogo kwa kisindano, akatuambia tusubiri. Pale palipochomwa palivimba nundu nyeupe, kubwa kuliko ukucha wangu.

"Iko na aleji ya maziwa," akasema. "Mwili wake unaona maziwa kama adui, unapigana nayo. Ya ng'ombe, ya mbuzi, siagi, yaurti, yote."

Mimi nikasogeza kiti. "Dokta, mimi si mutu wa kubahatisha. Taja dawa. Hata kama iko Ulaya, mimi nitaipata."

"Dawa ni kutomupa, papa."

"Hiyo si dawa."

"Ndiyo ile tuko nayo."

Godeliva akauliza, "Itaisha?"

"Kwa watoto wengi inaisha wakikua. Kwa wengine inabaki. Huyu sijui bado."

Tulirudi na basi kando ya ziwa. Mimi nimezoea kwamba kila tatizo lina mlango, ukikosa mlango unavunja ukuta. Hapa hapakuwa na ukuta. Palikuwa na mtoto aliyelala mapajani pa mama yake, na mimi ambaye sina la kumfanyia.

Tena fikirini nyumba yenyewe. Ni nyumba ya bulanje. Maziwa ya unga yalikuwa kwenye shati langu, kwenye nywele, kwenye kucha. Siku moja nilikunywa chai ya maziwa, nikaingia, nikambusu shavuni. Baada ya kitambo kidogo, juu ya shavu lake ukaonekana mdomo wangu, umevimba, mwekundu, umechorwa vizuri kama muhuri. Godeliva hakupiga kelele. Alimpakata tu, akamgeuza nimwone. Tangu siku hiyo nilijenga bafu la nje. Nikitoka kazini ninaoga, ninabadilisha nguo, ninasukutua mdomo, ndipo ninamshika mwanangu. Na dukani kwangu alikatazwa kuingia. Watoto wa watu wote walikula mkate wa Bulanje, isipokuwa wa Bulanje.

Miaka ikaenda hivyo. Alipotimiza miaka minne, tulimrudisha kwa dokta. Nundu ya mkononi ilikuwa imepungua. Dokta akafurahi, akatuambia jambo ambalo sikulitegemea.

"Maziwa ikichanganywa na unga wa ngano, ikachomwa sana ndani ya furu, yaani tanuri, inabadilika. Watoto wengi wanaokataa maziwa ya kunywa wanaweza kula ile ya kuchomwa. Na wakiila kidogo kidogo, muda murefu, mwili unaweza kujifunza. Tutajaribu. Lakini mara ya kwanza ni hapa, mbele yangu, sindano ikiwa tayari."

Nilisimama. Naapa nilisimama. "Dokta, sasa umefika kwa mwenyewe! Furu ni mimi. Ngano ni mimi."

Akacheka. "Papa, mimi sitaki mukate yako. Nataka keki ndogo kavu, maziwa kidogo tu, ichomwe nusu saa nzima, mpaka katikati. Isikuwe laini."

Kuambiwa nichome kitu kisiwe laini kulinichoma moyo, lakini nilichoma. Tukarudi siku tuliyopangiwa. Dokta alikata kipande kama punje ya hindi. Belise akala. Tukangoja. Kama punje ya haragwe. Tukangoja. Kisha kama ncha ya kidole gumba. Baada ya hapo masaa mawili ya kumtazama, mdomo, tumbo, mgongo. Hakuna kipele. Hakuna kikohozi. Aliomba maji, akaomba kwenda kucheza. Godeliva alilia mpaka kitambaa cha kichwa kikalowa. Mimi nilitoka nje nikampigia simu kila mtu ninayemjua.

Dokta alitupa karatasi yenye hatua zake. Kwanza keki hii, kila siku, miezi kadhaa. Baadaye kubwa zaidi. Baadaye sana, mkate. Maziwa ya kunywa mwisho kabisa, kama yatafikiwa. "Kila hatua muniite kwanza," akasema. "Musiruke. Akiwa na homa, musimupe. Na nyinyi wazazi musishindane na hii karatasi." Godeliva aliibandika ukutani jikoni. Yeye ndiye aliyekuwa akikata kipande kila asubuhi, na Belise alikila kwa chai ya rangi, amekaa juu ya kigoda chake kama mkubwa.

Wiki sita bila tatizo. Na mimi, kwa kuwa mnanijua sasa, nikaanza kutangaza. Nilisema kanisani. Nilisema sokoni. Nilisema mtoto amepona kwa ufundi wangu, kwa sababu keki niliichoma mimi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana, mikate ya pili imetoka tanurini, wachuuzi wamejaa mlangoni. Belise alikuja mpaka kizingitini kuniita nikale. Palikuwa na mama mmoja wa Magara, anauza samaki na kuchukua mikate yangu akirudi, mcheshi, mdomo wake haulali.

"Ee, huyu ndiye mutoto uliyesema amepona?"

"Ndiye."

"Anakula mukate?"

"Anakula keki niliyochoma mimi."

"Keki! Mimi nauliza mukate, Bulanje. Mutoto wako mwenyewe hali mukate yako, sisi tunaila. Ama iko kitu unaweka ndani tusichojua?"

Watu wakacheka. Mwingine akasema, "Mupishi akikataa chungu yake, wageni wakimbie!" Wakacheka zaidi. Ulikuwa utani, hata mimi nilijua. Lakini ndani yangu kitu kilisimama. Nikapiga hesabu yangu ya haraka: dokta amesema maziwa yachomwe nusu saa ndani ya unga. Mkate wangu mkubwa unakaa tanurini zaidi ya nusu saa. Basi mkate ni keki kubwa. Karatasi inasema baadaye, lakini karatasi imeandikwa na mtu asiyejua tanuri langu.

Nikachukua mkate uliotoka motoni muda huo. Nikakata kichwa chake. Kwangu kichwa cha mkate, ile sehemu ya juu inayong'aa, ninampa mgeni wa heshima. Nikamwinamia mwanangu, nikampa.

Alikishika kwa mikono miwili. Akanitazama. "Mama amekubali?"

"Mimi ndiye papa yako."

Akala. Watu wakapiga makofi. Akatafuna, akafumba macho, akasema, "Papa, iko tamu." Miaka minne nilikuwa ninangoja kuyasikia maneno hayo.

Mama wa Magara hakuwa bado amefunga mzigo wake. Belise akaanza kukuna ulimi kwa meno. "Papa, inawasha." Akakohoa. Akakohoa tena, na kikohozi hakikuwa chake, kilikuwa kama cha mzee. Akatapika juu ya viatu vyangu. Nilipomwinua nikaona mdomo wa chini umejaa, umekuwa mnene kama kidole gumba changu, na masikio mekundu. Nikamwita jina. Akajibu, lakini sauti ilikuwa imebaki nyuma kooni, nyembamba, kama inapita kwenye mrija.

Godeliva alifika mbio na siropo aliyotupa dokta kwa ajili ya vipele. Akamnywesha, ikarudi yote. Alinitazama, akatazama mkate uliokatwa kichwa, akaniambia, "Pikipiki!"

Pikipiki yangu ni mpya, mimi mwenyewe ninaiendesha mpaka Bujumbura. Siku hiyo ufunguo haukuingia. Nikauangusha kwenye mchanga, nikaanza kupapasa kama kipofu. Mama Zaina, mama wa Kiislamu anayefanya kazi kwangu tangu tanuri la udongo, hakunisubiri. Alitoka barabarani akasimama katikati, amenyanyua mikono yote miwili, mpaka dereva wa taksi-moto, pikipiki ya abiria, akasimama akimtukana. Godeliva akapanda na mtoto. Wakaondoka. Mimi, mwenye pikipiki, nikawafuata kwa miguu, nikikimbia na aproni.

Nilipofika hospitali alikuwa amelazwa mezani, paja liko wazi, muuguzi anamchoma sindano. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Kila akivuta hewa, ngozi chini ya mbavu inaingia ndani mpaka unaweza kuhesabu mifupa, na shimo la shingo linazama. Macho yamefunguka, yananiangalia mimi. Hakuwa na nguvu ya kulia. Wenye watoto mtanielewa: kilio cha mtoto ni kibaya, lakini mtoto anayetaka kulia akakosa hewa ya kulilia, hicho usiombe kukiona.

Nilisema nisaidie. Muuguzi akanijibu bila kugeuka, "Papa, rudi nyuma." Nikasema nimshike. "Rudi nyuma, papa, unaziba mwanga." Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, na nikateleza nikakaa chini. Mimi, ambaye nikiingia mahali popote Rumonge watu wananipa kiti. Niliomba, lakini maombi yenyewe hayakuwa na maneno. Nilikuwa nasema, vuta, vuta, vuta.

Sindano ya pili. Hewa ya mashine. Polepole, polepole sana, filimbi ya kifua ikashuka. Mbavu zikapumzika. Rangi ikarudi kwanza masikioni, halafu mdomoni. Akalia. Kilio hicho ndicho wimbo mzuri kuliko yote niliyowahi kusikia, na sikustahili kukisikia.

Walisema alale pale, kwa sababu jambo hili linaweza kurudi hata baada ya masaa. Godeliva akampigia dokta wa Bujumbura, akanipa simu mimi.

"Alikula nini, papa?"

"Mukate yangu."

Akasema, "Hukuniita."

"Sikukuita."

"Iliiva? Ndani ilikuwa mubichi?"

"Dokta, unipige kwa lingine lolote. Mukate mubichi haijawahi kutoka kwangu. Ilikaa furu zaidi ya nusu saa."

"Kuruka hatua peke yake kunaweza kuleta hii. Lakini wiki sita anakula keki vizuri, na sasa vikali hivi? Kuna kitu ingine."

Mama Zaina alikuwa ameleta nguo za mtoto, amesimama karibu na kitanda. Akavuta shungi lake, akasema kwa sauti ya chini, "Patron. Na ile tunayopaka?"

Nilielewa kabla hajamaliza. Ile siri yangu ya kung'aa. Mkate ukitoka motoni, kabla haujapoa, Mama Zaina anachukua brashi, anachovya kwenye bakuli la maziwa yaliyokorogwa na siagi, anapaka juu. Mkate unakunywa, unang'aa. Maziwa hayo hayaoni moto hata sekunde moja. Kila siku, kila mkate, miaka yote. Na mimi sikumpa mtoto wangu katikati ya mkate. Nilimkatia kichwa.

Nilimwambia dokta. Hakunigombeza. Alisema tu, "Hiyo ni maziwa mabichi, papa," na nikasikia anavyovuta pumzi.

Godeliva alikuwa amesikia yote. Aliniambia jambo moja, na hakulirudia tena: "Alikuuliza kama mimi nimekubali."

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa mateso. Ndipo yalipoanza yangu. Belise alipotoka hospitali hakutaka tena kitu chochote kilichopita tanurini. Keki aliyoizoea aliitupa chini. Alikula ugali wa muhogo, maharage ya mawese, ndagala, ndizi, basi. Nikimsogelea na sahani, hata ya maharage, alimtafuta kwanza mama yake kwa macho. Mtoto wangu aliniogopa kama anavyoogopa maziwa. Nilimnunulia kitanda kipya. Nilimnunulia viatu vyenye taa. Alisema murakoze, asante, akaenda kuvivulia kwa mama yake.

Dokta alisema tungoje, mwili utulie, tuanze upya kwa punje ndogo zaidi. Ulipita karibu mwaka. Tukampeleka. Alifunga meno. Dokta akamwimbia, Godeliva akambembeleza, mimi nikamwahidi baiskeli. Alifunga meno mpaka mashavu yakatetemeka. Dokta akasema, "Hatumulazimishi." Tukarudi. Mara ya pili, hivyo hivyo. Basi lile la kando ya ziwa nililichukia. Kwa mikono hii nimenyanyua magunia ya unga tangu ujana, na sikuweza kufungua mdomo wa mtoto mmoja, na nisingethubutu.

Mara ya tatu Belise alikitazama kile kipande kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Nani ametengeneza?"

"Mimi," Godeliva akajibu. Ilikuwa kweli. Alikuwa amechoma kwenye sufuria kubwa jikoni, makaa chini na makaa juu ya mfuniko.

"Papa alishika?"

"Hapana. Hakushika."

Ndipo akafungua mdomo.

Mimi nilitoka nje, nikasimama kwenye veranda na wazazi wengine. Nilifurahi amekula. Nataka muamini kwamba nilifurahi.

Leo Belise ana miaka minane. Keki amemaliza, biskuti amemaliza. Maziwa ya kunywa bado ni sumu kwake, na siagi bado, na sijui kama siku moja ataviweza. Dokta naye anasema hajui, na nimejifunza kumheshimu mtu anayesema hajui. Mkate wangu siupaki tena maziwa. Ninapaka maji ya sukari, haung'ai kama zamani, na wachuuzi walinung'unika, "Bulanje, mukate yako imezeeka?" Niliwaeleza sababu mmoja mmoja. Yule mama wa Magara aliposikia alikaa juu ya ndoo yake ya samaki, akalia, akasema ni utani wake uliotaka kumuua mtoto. Nikamwambia hapana, mama, utani haukukata mkate.

Ninamshukuru Mungu aliyetuachia mtoto. Ninamshukuru muuguzi aliyeniambia nirudi nyuma, na Mama Zaina aliyeweza kumsema bosi wake mbele ya watu, na dokta mwenye sandali. Godeliva simshukuru hapa, ninamshukuru nyumbani.

Na wewe mzazi, nisikilize mtu asiyesoma. Ukisikia kwamba maziwa yaliyochomwa yanaweza kumsaidia mtoto wako, usianze jikoni kwako, anzia mbele ya daktari. Akisema punje, ni punje. Uliza kila kitu kilichoingia katika chakula, na kilichopakwa juu, na kilichoshikwa na mkono gani. Muulize anayefanya kazi, usimuulize mwenye duka, kwa sababu mwenye duka anajisifu. Mtoto akiona ulimi unawasha na sauti imebadilika, usitafute aliyekuloga, tafuta hospitali. Na ukiwa na kiburi kama changu, jua kwamba hakitoki. Mimi bado ninacho. Ila nimekifundisha kukaa nje mlango ukifungwa.

Mwezi uliopita dokta aliruhusu hatua ya mkate. Kipande cha kwanza Belise alikula mbele yake, salama. Cha pili kilikuwa cha nyumbani, Jumapili baada ya kanisa. Godeliva alikata katikati ya mkate, ukubwa wa kiberiti, akakiweka kwenye sahani, akaisukuma sahani upande wangu. Nikaenda kunawa mikono. Nikanawa tena. Nikamnyooshea mwanangu. Hakumtazama mama yake. Alikichukua, akala, akafuta vidole kwenye gauni.

Tukakaa mbele ya nyumba, mimi na yeye, kuhesabu masaa mawili. Nilitazama mdomo. Nilitazama shingo. Kila alipokohoa moyo wangu ulisimama. Wenzake walikuwa wanaruka kamba barabarani.

"Papa, saa imefika?"

"Bado dakika kumi."

Akainuka, akavuta gauni lake, akasema, "Basi wewe maliza, mimi naenda kucheza."

Akaenda. Mimi nikabaki pale kwenye kiti, nikimaliza zile dakika kumi.